Kisiwa Kisichopiga Chafya

Saumu alikaa juu ya kitanda cha zahanati miguu ikining'inia, anamenya shokishoki na kutia maganda kwenye mfuko wa koti la daktari. Koti lilikuwa la khalati yake, nduguye mamake, na khalati yake mwenyewe alikuwa ndani ya koti hilo, amemshika mkono wa kushoto na kuukodolea macho tangu saa tatu asubuhi.

"Umenitoboa mara nne, Khalati," Saumu alisema. "Mkono wangu chujio la tui?"

"Nyamaza. Nahesabu dakika."

"Dakika zishakwisha. Unahesabu nini tena?"

Kweli zilikwisha. Dakta Zuwena Faki alikuwa amemtia mpwa wake matone manne chini ya ngozi: chavua ya mkarafuu kibeti, vumbi la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mate ya mbu, na maji ya ule ukungu mweusi unaoota kwenye majamvi ya kuanikia karafuu. Mtu wa zamani angevimba angalau mahali pamoja. Angejikuna. Mkono wa Saumu ulikuwa laini, hauna hata kipele, utadhani sindano ilipita hewani.

Daktari wa nchi nyengine angefurahi. Zuwena alikuwa na picha ya mapafu ya Saumu ndani ya mfuko uleule, imekunjwa mara mbili chini ya maganda ya shokishoki, na alijua inaonyesha nini. Pafu la kulia lote limeota ukungu, la kushoto nusu. Msichana wa miaka kumi na tisa, kifua kimejaa namna ile, na hajakohoa hata mara moja.

"Ukipanda kile kilima cha skuli unapumzika?"

"Mara tatu. Nishazeeka."

"Kifua kinauma?"

"Hakiumi. Kizito tu, kama nimelaliwa na paka." Akacheka, na katikati ya kicheko pumzi ikamkatika. Akabaki mdomo wazi, anaingoja irudi. Ikarudi. Akachukua shokishoki jengine.

Zuwena alitamani mtoto yule akohoe. Mwaka mzima ule hakuomba dua nyengine kwa moyo kama alivyoiomba hiyo. Na lau si msiba ingekuwa kichekesho, maana yeye ndiye aliyekifundisha kisiwa kizima kisikohoe.

*

Walio wadogo hawakuuona wakati ule, basi na waelezwe.

Mikarafuu vibeti ililetwa na watu waliosema mkarafuu wa babu zetu ni mrefu mno, unavunja watu viuno. Wa kwao ulikuwa na kimo cha mtu, unazaa mara mbili kwa mwaka, na unauchuma umesimama chini. Nani angekataa? Ikapita miaka sita, mikarafuu mirefu ikakatwa kuni, ndipo watoto wakaanza kufa. Chavua ya kibeti ilikuwa nyepesi, inapenya hata chandarua. Kila msimu wa maua watoto walishikwa na pumu ya ghafla, na katika shehia moja tu, shehia ya Jamvini, walizikwa watoto ishirini na sita kabla mvua hazijaisha.

Zuwena wakati huo ndio kwanza amerudi masomoni, mtaalamu wa kinga ya mwili, na kisiwani hakuwapo mwengine. Alijua kwamba chavua haiui mtu. Kinachoua ni hasira ya mwili wenyewe. Ndani ya pua, koo na mapafu mna seli zilizojaa vifuko vya kemikali, na pale maabara walizipa jina la seli baruti. Chavua ikizigusa zinalipuka, njia za pumzi zinavimba na kuziba, mtoto anakufa kwa vita anavyopiganiwa yeye mwenyewe. Lakini mwilini mna seli nyengine pia, chache, ambazo kazi yao ni kwenda kwenye ugomvi na kusema: basi, yaishe. Hizo fundi wake wa maabara, Ngwali, aliziita masheha, kwa sababu sheha ndiye anayekimbiliwa watu wakigombania mpaka wa shamba.

Zuwena alitengeneza masheha wapya, wenye nguvu, wasiozeeka. Sindano moja kwa mama mjamzito. Masheha wanashuka kwenye maziwa, wanapita kwenye tumbo changa la mtoto, wanafanya makazi. Walichomwa wanawake mia mbili na kumi wa Jamvini, wote wakatia dole gumba kwenye fomu, na fomu ilisema jaribio ni la mama na mwanawe tu, kwa miaka ishirini, ndipo itazamwe kama wengine nao wapewe. Msimu uliofuata, katika watoto wa wanawake wale hakufa hata mmoja.

Kisha hawakufa hata wasiokuwamo kwenye fomu. Mwaka wa tano hapakuwa na pumu kisiwani. Wazee ndio waliogundua mwanzo kwamba msikitini hapigi mtu chafya, hasikiki mtu akihimidi wala akijibiwa. Watu wakacheka. Mbu wakawa wanauma pasi na kuacha alama. Zuwena alivishwa nishani, na alipoulizwa masheha wamewezaje kuenea hivyo, alisema ni mila: wanawake wa kisiwa hiki hunyonyeshana watoto wakati wa mchumo, huyu yuko shambani, yule yuko nyumbani na watoto watatu mapajani. Alilisema hilo kwa fahari, kwani na yeye ni mtoto wa mila hiyo.

Mwaka wa kumi na saba akafa mchambuaji mmoja wa makonyo, mwanamke mzima wa afya, amekaa na ungo mapajani. Hakukohoa. Alipopasuliwa, mapafu yalikuwa meusi tititi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyofunzwa, na hivyo ndivyo mwili ulivyokuwa ukiishi na wageni wake. Masheha wa Zuwena hawakumpa mgeni jembe. Ukungu ulipiga hodi wakaukaribisha, ukaomba chumba wakaupa, mwisho ukachukua nyumba. Dawa za ukungu zilikuwapo, lakini dawa hudhoofisha tu, kumaliza ni kazi ya mwili, na mwili ulikuwa umekwisha ambiwa yaishe. Mpaka ile asubuhi ya shokishoki walikuwa wamekufa watu mia tatu na kumi na wawili.

*

"Karani," Ngwali aliiambia mashine, "soma matone ya damu ya Saumu Hamad."

Karani ilikuwa mashine ya kusoma seli, kubwa kama jiko la mkaa, na ilikuwa na sauti ya kike iliyotulia ambayo Zuwena siku hizi aliichukia. "Tone la kwanza limelipuka," ilisema. "Tone la pili limelipuka. Tone la tatu limetulia."

Kilichotiwa kwenye matone yale kilikuwa Mfuto. Siku alipowatengeneza masheha, Zuwena aliwawekea kufuli, na Mfuto ndio ufunguo: dawa ya kunywa, inaua masheha na haigusi kitu chengine. Alijisifu sana kwa kufuli lile. Hakufikiria jambo moja. Miaka yote ile seli baruti zilikuwa zimetulizwa, lakini kazi ya kujaza vifuko vyao hazikuiacha. Ghala halijafunguliwa miaka kumi na tisa na kila siku linaingia mzigo, halafu unamwondoa mlinzi mlangoni.

"Moja katika tatu," Ngwali alisema. "Si haba, Bi Zuwena."

"Si haba kwa nani? Wako ungempa?"

Ngwali alikuwa na binti wa miaka kumi na mbili ambaye hajawahi kupiga chafya tangu azaliwe. Akajishughulisha na kufuta meza.

"Na tusipompa?" Zuwena aliuliza, ingawa alijua.

"Miezi mitatu. Atakuwa analala, usingizi unazidi, hataumwa. Unajua wanavyokwenda."

Alijua. Walikwenda bila ya maumivu, na jamaa zao walikuwa wakisema kwenye matanga, angalau hakuteseka, na kila lilipotamkwa neno lile Zuwena aliona haya akatazama chini.

"Kuna uboho," Ngwali alisema. "Tukipata mtu wa damu yake, ambaye hana masheha mwilini, tukampandikizia Saumu uboho wake, tutamjengea kinga mpya polepole, bila ya mlipuko. Nipe mtu mmoja tu aliye safi."

"Mimi safi. Nilikuwa mkubwa, sikunyonya, sikuchomwa."

Ngwali alimtazama kwa huruma. Zuwena alikuwa ameshajipima, siku ya mwanzo kabisa, peke yake, mlango umefungwa. Mama yake alikufa kwa kumzaa yeye, na mama yake Mize, huyo Mize mamake Saumu, akamchukua, akamtia ziwani pamoja na Mize miaka miwili. Mbele ya sheria ya dini wao ni ndugu: Zuwena hakuweza kuolewa na kaka yake Mize, na Mize alipoolewa ni Zuwena aliyesimama upande wa dada. Karani alipopewa damu zao alijibu kwa ile sauti yake iliyotulia: hakuna uhusiano. Mama yake Saumu ni ndugu yake kwa kila kitu isipokuwa kwa kile kilichohitajiwa.

Wa damu nao walikwisha. Babake Saumu alikuwa amekufa zamani, wazee wametangulia, na yule mjomba mmoja alizikwa mwaka juzi. Mize mwenyewe alichomwa sindano. Zuwena alikaa juu ya stuli, akawapitia mmoja mmoja kwa vidole, na alipofika kidole cha mwisho akasimama ghafla hata stuli ikaanguka.

"Bikombo!"

"Bikombo yupi?"

"Kifungua mimba wa Mize, yule aliyeolewa Wete. Kampita Saumu kwa miaka mitano. Mize alichomwa sindano na mimba ya Saumu! Bikombo kanyonya kabla, Ngwali. Kanyonya maziwa ya Mungu tu!"

Hakungoja jibu. Alitoka na koti lake na maganda yake ya shokishoki mfukoni, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, anakimbia.

*

Mize alikuwa barazani kwake anachambua makonyo, kitambaa mdomoni kama Zuwena alivyowaamuru wote, mikono inakwenda yenyewe: shada likisokotwa kiganjani, karafuu huku, makonyo kule.

"Karibu ndugu yangu. Mbona unahema hivyo? Umekula?"

"Mize, Bikombo aje leo. Leo hii. Nikimtoa uboho kidogo tu kiunoni, haumwi sana, nikampa Saumu, atapona. Unasikia? Atapona! Bikombo kazaliwa kabla ya sindano, damu yake haina masheha."

Alitazamia Mize atapiga yowe la furaha. Mikono ya Mize ilisimama. Akashusha kitambaa kutoka mdomoni, akakikunja, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama hirizi.

"Mize. Sema."

"Unakumbuka Bikombo alivyokuwa na pumu?"

"Nakumbuka. Ikaondoka yenyewe. Niliiandika mimi, imeondoka yenyewe, na nikashangaa."

"Haikuondoka yenyewe."

Zuwena akakaa kwenye baraza.

"Nilikuwa nakamua kwenye kikombe cha bati," Mize alisema. "Asubuhi na jioni, siku arubaini. Kashakuwa msichana wa miaka mitano, ana haya zake, hataki ziwa wenziwe wakamwona. Nikamwambia ni maziwa ya mbuzi."

"Nilikukataza! Niliwakataza nyote, mmoja mmoja, nikawasomea fomu mara mbili!"

"Daktari alinikataza. Ndugu yangu hakunikataza." Mize alisema polepole, hana hasira, na hilo ndilo lililokuwa zito. "Ndugu yangu alikuja hapa siku ya saba ya Saumu, tulipomtoa nje. Akakaa hapo ulipokaa. Akanishika mkono, analia na kucheka, akanambia, Mize, maziwa yako sasa ni dawa. Hukusema?"

Alisema. Aliyakumbuka hata manukato ya udi ya siku ile. Alikuwa hajalala wiki nzima, jaribio limefaulu kwenye damu ya kichanga, na hakuwa na mtu mwengine duniani wa kumwambia. Alikwenda kwa dada yake akasema maneno matano, akanywa chai, akarudi kazini.

"Basi umenambia nina dawa," Mize aliendelea, "na pale uwanjani wanazika kila siku. Mwanaisha kaja na mtoto wake wa tatu, wawili keshawazika. Nimwambie nini? Kwamba ziwa langu lina fomu? Nikampa. Akaja mwengine, nikampa. Na wao nikawaambia, na wao wakawapa wenzao, hata wakubwa wakanyweshwa kwa kikombe. Weye mwenyewe, Zuwena, umekuwa mtu kwa ziwa la mama yangu. Angelizuia je?"

Mize akakiweka kitambaa chini.

"Mimi peke yangu nimewanyonyesha thelathini na mmoja. Nawajua wote, lazima niwajue, wasije wakaoana ndugu kwa ndugu." Akaanza kuwataja, kwa vidole, kwa majina ya mama zao, kama wanawake wa huku wanavyohifadhi mambo hayo: Fumu wa Mwanaisha, Zaina wa Mwanaisha, Shaame wa Bi Nunu, pacha wa Maryamu. Yule kahamia mji, yule kazaa wanne. Kila jina lilifunga mlango mmoja. Na alipofika mwisho akalitaja la Bikombo kwa sauti ndogo, akaingiza mikono tena kwenye makonyo, asijue la kufanya nayo.

Kwa miaka yote Zuwena alikuwa akisema ni mila. Mila haina mwenyewe, ni kama mvua, hakuna wa kulaumiwa ikinyesha. Kumbe mila walikuwa nayo tangu enzi, na kila mwanamke alinyonyesha wa jirani tu, kwa dharura ya siku moja mbili. Kilichowaleta watu kutoka shehia nne kupanga mstari kwenye baraza hii ni neno lake yeye.

"Kwa hivyo hakuna mtu," alisema.

"Hakuna." Mize akamkamata mkono. "Upo huo Mfuto wako. Ngwali kanambia. Mpe, lakini usimwambie ile hesabu ya matone. Mtoto ataogopa. Mpe tu, Zuwena, sema ni vitamini."

*

Alipita njia ya nyuma, ya makaburini, kwa sababu hakutaka kusalimiana na mtu.

Asipompa, Saumu atalala miezi mitatu na kuzimika, na hakuna atakayesema Zuwena kamuua. Akimpa na akafa, kamuua kwa mkono wake, mchana kweupe. Hayo yalikuwa mazito lakini yalibebeka. Lililomshinda lilikuwa la tatu: akimpa na akapona. Kisiwa kina watu laki nne. Nani atawazuia wasije? Watakuja wote, wagonjwa na wazima, wabebe na vichanga, na yeye anajua kwamba wawili katika kila watatu watafia kwenye kitanda chake. Kupona kwa Saumu kungekuwa mwaliko. Na kufa kwa Saumu kungekuwa mlango kufungwa, watu laki nne ndani. Hapo ndipo alipotafuta dua ya kuomba akaikosa, maana hakujua aombe lipi.

Alimkuta Saumu amelala ubavu, anajipepea kwa ile picha ya mapafu yake, ambayo aliichomoa mfukoni asubuhi bila ya kuonekana.

"Hii nimeiona," Saumu alisema. "Mimi ndiye huyu mweusi?"

"Nipe hiyo."

"Khalati, mie si mtoto."

Zuwena alikaa chini, sakafuni hasa, mgongo ukutani. Akamwambia. Akamwambia matone matatu, na lipi lilitulia na mangapi yalilipuka. Akamwambia miezi mitatu na usingizi. Akamwambia habari ya Bikombo na kikombe cha bati, na maneno matano ya siku ya saba. Hakupamba kitu. Saumu alisikiliza huku anachana kona ya picha vipande vidogovidogo.

"Nikifa kwa chafya," alisema mwisho, "utaandika nini kwenye cheti?"

"Usifanye mzaha."

"Nifanye nini basi? Nilie? Nikilia pumzi inakata." Akajigeuza chali, taratibu. "Nikilala ubavu wa kulia nasikia kitu kinahama ndani. Kinahama, Khalati, na mwili wangu unakipisha. Nakichukia. Nataka nikiteme. Hiyo miezi mitatu nitakuwa nafanya nini, nakutazameni mkinitazama?"

"Unaweza kuwa unaishi."

"Wewe wataka nini?"

Zuwena alitaka kusema kwamba daktari hataki kitu. "Nataka ukohoe," alisema, na machozi yakamtoka.

"Basi tunataka kitu kimoja. Nipe."

*

Mize alikuja na maji ya kuteremshia dawa, na alikuwa ameyatia kwenye kikombe cha bati kilekile, rangi imebanduka ukingoni. Ilikuwa baada ya adhuhuri, madirisha wazi, sindano sita za adrenalini zimepangwa juu ya kitambaa cheupe na mashine ya pumzi imewashwa. Ngwali alisimama kwenye Karani. Nje, ukumbini, watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Hakuwaita mtu. Jamvini siri haipiti chini ya mlango, inaufungua.

Saumu akanywa. Akakunja uso. "Chungu kama shubiri."

Ikapita saa. Ikapita ya pili. Karani akatangaza kwamba masheha wanapungua, nusu, robo, chini ya robo. Saumu akasugua pua kwa kiganja. Akasugua tena, akatazama juu, macho yakamjaa maji, uso wake ukawa na mshangao wa mtu anayetekenywa, na akapiga chafya.

Alikuwa hajawahi. Alijishika pua kama iliyomponyoka. "Hii ndiyo?" aliuliza. "Lo! Tamu!"

"Himidi, mwanangu, himidi!" Mize alisema.

"Alhamdulillahi!"

"Yarhamuki Allah!" Mize alijibu, na nje wakajibu watu arubaini kwa pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja akalia kwa sauti. Chafya ya pili, wakajibu. Ya tatu, wakajibu. Baada ya tatu mtu hajibiwi tena, huambiwa ana mafua, lakini Jamvini walikuwa na kiu ya miaka mingi, wakaijibu na ya nne na ya tano. Zuwena alikuwa ameshachukua sindano ya kwanza.

Kisha Saumu alikohoa. Kikohozi kikubwa, cha kutoka chini kabisa, kikamwinamisha, na kwenye beseni likadondoka pande jeusi kama tambara. Akakohoa tena, likatoka jengine. Akainua uso, anacheka, midomo imechafuka, akavuta pumzi ndefu ambayo Zuwena hakuwahi kumsikia akiivuta tangu mwaka uanze.

"Kimetoka!" alisema. "Khalati, kimetoka, nimekitema."

Hiyo ilikuwa pumzi nzima ya mwisho. Alianza kujikuna shingo akizungumza, na vidole vyake vikaacha michirizi iliyoinuka hapohapo. Midomo ikavimba. Zuwena akamchoma ya kwanza, akamchoma ya pili. Ngwali alisukuma mrija wa mashine, koo likawa limefunga, akasukuma, halikupita. Ya tatu. Ya nne. Karani alikuwa akisoma namba kwa sauti ileile mpaka Mize akaichomoa waya. Nje walikuwa wameshaanza kuimba kaswida. Ya tano. Ya sita Zuwena aliichoma ingawa mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umeshalegea, na mkononi palikuwa na vipele vinne vyekundu, vikubwa, pale alipomtoboa asubuhi ya shokishoki.

Mize alimfumba mwanawe macho. Akamfuta midomo kwa upindo wa leso, akamlaza uso kuelekea kibla, akafunika beseni. Zuwena alikuwa sakafuni, bomba la sindano limemganda kiganjani.

"Wamekuja na watoto," Mize alisema. "Wamesikia chafya. Wanataka dawa."

"Ngwali atawaambia warudi."

"Ngwali haendi." Mize aliinama akamshika kwapani, akamsimamisha kama mtu anavyosimamisha mtoto aliyeanguka. "Mara ya kwanza ulinambia mimi peke yangu, Zuwena. Sasa nenda ukawaambie wote."

Mlango ulipofunguliwa kaswida ikakatika. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini hadi kwenye ngazi, watoto mikononi, mgongoni, ardhini. Mmoja wa mbele, kijana, ana kichanga cha miezi miwili, alimtazama Zuwena machoni.

"Daktari, tumesikia kapiga chafya. Kweli?"

"Kweli," Zuwena alisema. "Na amekufa. Kaeni chini, nitakuelezeni yote."

Wakakaa. Hakuna aliyepiga ukelele, walikuwa wamechoka kwa vilio. Zuwena akaanza na siku ya saba ya Saumu, na baraza ya Mize, na maneno aliyoyasema pale. Walio nyuma wakasogea wasikie. Kichanga cha yule mwanamke kijana kikaanza kulia, naye akakitia ziwani bila ya kuondoa macho yake kwa daktari. Kisha akalia mtoto wa jirani, ambaye mama yake alikuwa amebaki huko kwenye ngazi, na yule mwanamke akanyoosha mkono, akampokea, akampa ziwa la pili.